TAIRI KWANZA, INJINI BAADAYE: MAHESABU YA GARI LA UWANJANI

Mteja anapoingia kwenye duka la spea na kuuliza namna ya kuliongezea gari lake kasi, jibu linalomwingizia mwenye duka fedha nyingi kwa siku moja ni injini. Jibu linalomrudisha mteja huyo dukani mwaka mzima ni tairi. Tofauti ya majibu hayo mawili si ya ufundi peke yake. Ni tofauti kati ya mtaji uliozama na mtaji unaozunguka, na wafanyabiashara wadogo wengi wamekuwa wakichagua ule wa kwanza bila kupiga hesabu.

Suala hili linagusa soko dogo lakini lenye wateja wasiosita kutoa fedha. Nchini Uingereza, Ujerumani, Japani, Marekani na katika nchi za Ghuba, wenye magari ya kawaida hulipa kiingilio na kuendesha magari yao kwenye viwanja vya mbio kwa siku nzima, bila mshindi wala kombe. Uwanja wa Tsukuba nchini Japani, wenye mzunguko wa mita 2,045 tu, umejenga jina lake kwa watu wa aina hiyo wanaopimana kwa saa. Dubai Autodrome, iliyofunguliwa mwaka 2004, ina mzunguko wa kilomita 5.39. Huko Ujerumani, njia ya zamani ya Nürburgring yenye urefu wa karibu kilomita 21 hufunguliwa kwa umma siku maalumu, na mwenye gari hulipa kwa kila mzunguko.

Uhusiano wa biashara hiyo na Afrika Mashariki hauko mbali. Magari yanayopendwa katika siku hizo za uwanja, kama Subaru Impreza na Toyota Altezza, ndiyo hayo hayo yaliyoingia kwa meli katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa mitumba. Injini zake na spea zake hununuliwa Japani na Dubai na wafanyabiashara wanaojulikana mitaani kwa majina. Anayeuza bidhaa hizo anapaswa kujua ni ipi inayompa mteja thamani ya fedha yake, maana mteja akipata hasara, hasara hiyo hurudi dukani.

Hesabu ya kona moja

Imezoeleka kuamini kwamba kasi inatoka kwenye injini. Hesabu rahisi ya fizikia ya sekondari inaonyesha vingine.

Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Gari lenye matairi mazuri ya barabarani, ambayo kipimo chake cha msuguano na lami ni 0.9, linaweza kuipita kona hiyo kwa kasi isiyozidi kilomita 76 kwa saa. Zaidi ya hapo litateleza, liwe na injini ya aina yoyote. Likivalishwa matairi ya uwanjani yenye kipimo cha 1.1, kasi hiyo inapanda hadi karibu kilomita 84. Iwapo kona ni nusu duara, gari la pili linaokoa takriban sekunde 0.7 ndani ya kona hiyo moja.

Sasa ifuate njia iliyonyooka ya mita 400. Gari lina uzito wa kilo 1,400 pamoja na dereva, na nguvu zinazofika kwenye magurudumu ni kama 150 za farasi. Ukiacha upinzani wa hewa na muda wa kubadili gia, kuongeza nguvu kwa asilimia 10 kunaokoa karibu robo sekunde katika mita hizo 400. Gari lenye nguvu zile zile za awali, lakini lililotoka konani likiwa na kilomita 8 zaidi kwa saa, linaokoa karibu theluthi moja ya sekunde katika njia hiyo hiyo.

Kwa ujumla, tairi limelipa sekunde moja ambapo injini imelipa robo sekunde. Katika mzunguko wenye kona kumi, mwenye kutaka kushindana na saa yake mwenyewe hahitaji kuambiwa zaidi. Hapo bado haijahesabiwa faida ya tairi wakati wa kufunga breki, maana breki hulisimamisha gurudumu, lakini kinacholisimamisha gari ni tairi.

Waandaaji wa mashindano wanalifahamu jambo hili vizuri. Formula 1 imekuwa ikitumia tairi la kampuni moja, Pirelli, tangu mwaka 2011. Safari Rally iliporudi katika michuano ya dunia mwaka 2021, ilirudi katika michuano ambayo nayo imeweka msambazaji mmoja wa matairi. Anayetaka kudhibiti kasi na gharama huanza na tairi, kwa sababu ndiko sekunde zinakonunuliwa kwa bei nafuu.

Mfano wa kuchekesha, lakini wenye mafunzo kwa mwekezaji mdogo, unatoka Marekani. Mashindano ya 24 Hours of Lemons, yaliyoanza mwaka 2006, yalijengwa juu ya sharti kwamba gari lisizidi thamani ya dola 500. Hata hivyo, matairi, rimu, breki na vifaa vya usalama havihesabiwi katika dola hizo. Watu walioamua kubana kila senti waliona kuwa ziko sehemu ambazo ubahili wake ni hatari.

Kusoma tairi kabla ya kulipa

Tatizo la soko la matairi ni kwamba bidhaa zote ni nyeusi na zote ni duara. Mnunuzi asiyejua kusoma maandishi ya ubavuni anabaki kuamini maneno ya muuzaji. Maandishi hayo, hata hivyo, hayahitaji shahada.

Tairi lililoandikwa 215/45R17, ambalo ndilo lililovishwa Altezza RS200, lina upana wa milimita 215. Kimo cha ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, na linakaa kwenye rimu ya inchi 17. Baada ya hapo hufuata namba ya uzito na herufi ya kasi. Herufi H ni kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300. Gari linaloweza kufika kilomita 200 kwa saa uwanjani halipaswi kuvaa tairi lenye herufi S, ambayo mwisho wake ni 180, hata kama linauzwa kwa nusu bei.

La pili ni tarehe. Mwishoni mwa namba inayoanza na DOT zipo tarakimu nne. Zikisomeka 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000 na mahali pake si kwenye gari tena. Michelin inashauri tairi likaguliwe na mtaalamu kila mwaka likishatimiza miaka mitano ya kutumika, na liondolewe kabisa likifikisha miaka kumi tangu kutengenezwa, hata kama linaonekana zima. Mpira huzeeka kwa joto, jua na hewa. Tairi la mtumba lenye michoro mirefu, lililopakwa rangi nyeusi likang'aa, linaweza kuwa gumu kama gome la mti. Uwanjani tairi la namna hiyo ni baya kuliko jipya la bei ndogo.

La tatu ni kiwango cha kulika, ambacho huandikwa kwenye matairi yanayouzwa Marekani. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira ni laini, unashika zaidi na unaisha haraka. Toyo Proxes R888R huandikwa 100. Bridgestone Potenza RE-71R iliandikwa 200. Matairi ya familia mara nyingi huvuka 400. Lakini tahadhari inahitajika: namba hiyo hupimwa na kutangazwa na mtengenezaji mwenyewe. Vilabu vingi vya Marekani viliweka sharti la 200 ili kuzuia matairi laini mno, na watengenezaji wakajibu kwa kuleta matairi yenye maandishi ya 200 ambayo yanashika kama ya mbio na kulika kama ya mbio. Sokoni sheria ikiwekwa kwenye karatasi, bidhaa hutengenezwa kufuata karatasi.

Mnunuzi basi asilinganishe bei ya tairi na bei ya tairi. Alinganishe gharama ya siku moja ya uwanjani. Tuseme seti ya kwanza ina bei ya 100 na inadumu siku tano, wakati seti ya pili ina bei ya 150 na inadumu siku tatu. Ya kwanza inamgharimu 20 kwa siku na ya pili 50. Kwa mtu anayejifunza, ile ya 20 inatosha kabisa. Tena ina faida nyingine: tairi la barabarani hulia na kuonya kabla ya kuachia, na humpa mwanafunzi nafasi ya kusahihisha kosa. Tairi laini la mbio hushika mpaka ukingoni kabisa, na likiachia halingoji.

Upepo nao haugharimu kitu, lakini wengi huupuuza. Tairi lililojazwa psi 32 likiwa na joto la nyuzi 30, hewa ya ndani ikifika nyuzi 70 litasoma karibu psi 38. Ndiyo maana wanaojua huanza na upepo pungufu, wakapima mara tu gari linapotoka uwanjani, na kuandika kwenye daftari. Kipimo kizuri cha upepo na daftari ni vitega uchumi vyenye faida kubwa kuliko eksozi ya kumetameta.

Breki na oili

Kabla ya kufika kwenye injini kuna deni jingine la kulipa. Gari la kilo 1,400 linalopunguza kasi kutoka kilomita 180 hadi 60 kwa saa linageuza mwendo kuwa joto. Joto la kufunga breki mara moja tu linatosha kuchemsha zaidi ya lita tano za maji kutoka nyuzi 30. Katika mzunguko mmoja jambo hilo hutokea mara kadhaa, na mizunguko ni mingi.

Joto hilo likifika kwenye mafuta ya breki na kuyachemsha, pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Kwa viwango vilivyowekwa, mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205, ya DOT 4 chini ya 230 na ya DOT 5.1 chini ya 260. Yakishanyonya unyevu viwango hivyo hushuka hadi 140, 155 na 180. Maana yake ni kwamba kopo la DOT 4 lililofunguliwa mwaka jana na kuachwa rafuni ni dhaifu kuliko la DOT 3 lililofunguliwa leo. Muuzaji anayepunja hapa hapunji fedha tu, anacheza na roho ya mtu. Mafuta mapya na pedi zinazostahimili joto ni gharama ndogo, na hakuna gari linalopaswa kuruhusiwa uwanjani bila hayo.

Anayeongeza nguvu za injini aongeze pia breki. Gari likifika mwisho wa njia iliyonyooka na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, joto linalopaswa kubebwa ili kulisimamisha linazidi kwa asilimia 21. Hilo ndilo bili ambalo wauza injini hawaliandiki kwenye risiti.

Injini: mtaji uliozama

Altezza RS200 ni mfano mzuri wa kupimia hoja hii. Iliuzwa Japani kuanzia mwaka 1998 hadi 2005. Ile yenye gia za mkono ilitoka kiwandani na injini ya 3S-GE ya lita mbili yenye nguvu 210 kwa vipimo vya Kijapani, mizunguko 7,600 kwa dakika, na mgandamizo wa 11.5 kwa 1. Hiyo ni injini ambayo Toyota, kwa msaada wa Yamaha, ilikwisha kuikamua karibu yote iliyokuwamo. Mwenye gari anayenunua chujio la hewa la mbio, eksozi mpya na programu ya kompyuta ya injini kwa matumaini ya muujiza atapata sauti kubwa na nguvu chache. Kwa injini isiyo na turbo, huo ndio ukweli wa kawaida.

Injini yenye turbo ni hadithi tofauti, na hapo ndipo wengi hunaswa. Ni kweli kwamba kuongeza msukumo wa turbo huleta nguvu nyingi kwa fedha kidogo. Lakini nguvu hizo hudai pampu kubwa ya mafuta, nozeli kubwa, petroli bora, rejeta nzuri na klachi imara. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu iwe na okteni isiyopungua 96. Injini iliyorekebishwa kwa petroli hiyo ikinyweshwa petroli hafifu hugonga, na pistoni haina msamaha. Aidha, kona ndefu zinazopitwa kwa kasi huisukuma oili upande mmoja wa karata, na injini hubaki ikizunguka bila oili kwa sekunde chache. Sekunde chache zinatosha.

Kwa hiyo utaratibu wa fedha za injini unapaswa kuanza na afya yake. Mgandamizo wa silinda zote upimwe. Oili ibadilishwe kabla na baada ya siku ya uwanja. Mipira ya maji na mikanda ikaguliwe. Baadaye zifuate rejeta, kipoza oili na vizuizi vya oili ndani ya karata. Vyote hivyo haviongezi nguvu hata ya punda mmoja, lakini vinahakikisha injini iliyokuja na gari inarudi nayo nyumbani.

Kihasibu, fedha ya kuongeza nguvu ni ngumu kuirudisha. Anayenunua gari la mtumba hulipia gari, halipii ndoto za mwenzake. Mara nyingi akiona injini imefunguliwa hupunguza bei badala ya kuongeza. Kwa Kenya, ambako magari yaliyozidi umri wa miaka 8 hayaruhusiwi kuingizwa, Altezza mpya haitashuka tena bandarini. Aliye nayo anamiliki mali isiyo na mbadala, na kuilipua injini yake kwa ajili ya nguvu 15 za ziada ni uamuzi ambao mhasibu yeyote angeuwekea alama nyekundu.

Hoja ya upande wa pili

Watetezi wa injini wana hoja ambayo si ya kupuuzwa. Viwanja havifanani. Fuji Speedway ina njia iliyonyooka ya karibu kilomita moja na nusu, na huko gari dhaifu huachwa hata likivaa matairi ya dhahabu. Tena, mteja ni mfalme: akitaka kelele na moshi, mfanyabiashara ana haki ya kumuuzia.

Hoja ya kwanza ni sahihi kwa dereva aliyekwisha kumaliza kila kitu ambacho tairi na breki vinaweza kumpa. Madereva hao ni wachache, na wanajijua. Hoja ya pili ina kasoro ya kibiashara. Mteja aliyeuziwa injini na akaiunguza siku ya kwanza harudi, na huwaambia wenzake. Mteja aliyeuziwa seti ya matairi, pedi na kopo la mafuta ya breki huvitumia, huviona vimeisha, na hurudi kununua tena. Injini huleta faida ya mara moja, ilhali tairi huleta mapato.

Ushauri kwa mwenye duka na mwenye gari

Kwa mwenye duka mwenye mtaji mdogo, busara ni kuweka saizi chache zinazotembea badala ya kujaza ghala. 195/50R15 na 215/45R17 ni saizi ambazo watengenezaji wengi wa matairi ya uwanjani wanazo. Matairi laini yaagizwe kwa oda na malipo ya awali, kwa kuwa kila mwezi yanaokaa rafuni yanazeeka na thamani yake inashuka. Tarehe ya DOT ionyeshwe kwa mteja bila kuombwa. Muuzaji anayefanya hivyo hujenga jina kwa gharama isiyozidi pumzi yake.

Kwa mwenye gari, mpangilio wa fedha uwe huu: ukaguzi wa gari lote na oili mpya, mafuta ya breki na pedi, matairi mazuri ya barabarani yenye tarehe ya karibuni, mafunzo ya mwalimu na siku kadhaa za uwanja, kisha matairi laini zaidi, kisha kupoza injini, na mwisho kabisa, kama fedha bado ipo na hamu haijaisha, nguvu za injini. Bima nayo isomwe kabla ya safari. Bima ya kawaida ya gari kwa desturi haifidii ajali ya kwenye uwanja wa mbio, na huko Nürburgring dereva anayegonga kingo za chuma hudaiwa gharama za kuzitengeneza.

Mwekezaji makini hawezi kununua hisa za kampuni bila kuangalia madeni yake. Gari la uwanjani nalo lina madeni, na yanadaiwa kwenye kona, si kwenye njia iliyonyooka. Mwenye kununua injini kabla ya tairi amekopa kasi ambayo hana uwezo wa kuilipa.